Pompi kwanza, kiisha ngombe
Maneno ya kamati ya mifugo mbele ya mkutano wa wanachama, Bunia

Kamati ya mifugo iliombwa kusema juu ya kutunza ngombe, wa maziwa na wa nyama. Tutasema kwa lugha ya kila siku, juu wengi hapa walizaliwa kati ya ngombe, lakini wengine hawajashika kamba ya ngombe hata siku moja. Mambo yamebadilika pia kwa wanaojua.

Munajua tunatoka wapi. Vita ya 1999 mpaka 2003 ilimaliza ngombe wengi wa Ituri. Watu wakaanza tena, kiisha mwezi wa 12 mwaka 2017 moto ukarudi ku Djugu. Wengine wetu walikimbilia hapa Bunia, wakalala chini ya bashi ku Kigonze na fasi zingine. Wengine walivuka ziwa Albert wakafika Kyangwali, Uganda. Leo tunaorudia tunakuta majani marefu fasi kulikuwa lupango, na dipingi ya zamani, lile shimo la kuogeshea ngombe, imejaa udongo. Wazee wanakumbuka vile kulikuwa dawa na vile wataalamu wa Nioka, ku Mahagi, walikuwa wanajaribu majani na mbegu za ngombe tangu wakati wa Wabelgiji. Hiyo yote inahitaji kujengwa upya, na sisi tunaanza na mtamba mmoja kwa jamaa moja.

Hapa njo neno kubwa la leo. Sheria ya chama chetu munaijua: jamaa inayopokea mtamba inatoa ndama jike wa kwanza kwa jamaa inayofuata. Tupige hesabu pamoja. Mimba ya ngombe ni miezi 9. Akitunzwa vizuri sana, anazaa mara moja kwa mwaka. Kati ya ndama wawili, mmoja anaweza kuwa dume. Na ndama jike hapewi jirani siku anayozaliwa, anangoja kwanza aachishe maziwa. Kwa hiyo jamaa inayongoja inaweza kungoja miaka 2, hata 3. Ndama huyo akikufa, si jamaa moja inalia. Ni mlolongo mzima wa watu unaokatika. Ndiyo sababu tunasema: kutunza ndama ni kulipa deni ya jirani.

Na ndama wetu wanakufa na nini zaidi? Kupe.

Kuna kupe mdogo wa rangi ya kahawia anayependa kukaa ndani ya sikio. Huyo njo analeta ugonjwa ambao Tanzania wanauita ndigana kali, na wazungu wanauita homa ya pwani ya mashariki. Dalili zake muzishike kichwani. Tezi chini ya sikio inavimba, na ile iliyo mbele ya bega pia. Homa inapanda. Ngombe anaacha kula, anapumua kwa nguvu, mwishoni povu inatoka puani. Ukiona povu, mara nyingi umechelewa. Dawa iko, inaitwa buparvakuoni, lakini ni ya bei na inasaidia ikitolewa mapema, siku za kwanza za homa. Ngombe mzima mwenye afya ana joto la digri 38 na nusu mpaka 39 hivi. Ikipita 40, musingoje kesho. Termometre moja kwa kila kikundi cha jamaa tano ingeokoa wanyama wengi kuliko sindano kumi zilizochelewa.

Kwa nini tunasema ngombe wetu wako ku hatari kuliko ngombe wa zamani? Ndama aliyezaliwa kijijini na kuumwa na kupe kidogo kidogo, akipona, mwili wake unajifunza. Lakini mtamba aliyenunuliwa fasi kupe ni wachache, au aliyekulia Bunia kwa kamba na majani ya kukatiwa, hajajifunza kitu. Ukimpeleka moja kwa moja ndani ya majani marefu, ni sawa kumtupa mtoto ndani ya maji marefu bila kumfundisha kuogelea. Na kupe mkubwa anaweza kubakia ku majani bila kula miezi mingi, hata zaidi ya mwaka, anangoja tu mnyama apite. Musiseme: «hapa hapajakuwa ngombe siku mingi, kupe wameisha.»

Basi tunafanya nini? Kupe akijishika leo, haleti ugonjwa leo. Anahitaji siku kama tatu au ine hivi za kunyonya kabla kijidudu hakijaiva ndani ya mate yake. Kwa hiyo fasi kupe ni wengi tunapulizia dawa mara mbili kwa juma, na fasi wamepunguka mara moja kwa juma. Tumechagua siku ya pili na siku ya tano, ili kila kikundi kifanye siku moja na pompi moja izunguke. Ngombe mkubwa anahitaji litre 5 mpaka 10 za dawa iliyochanganywa, kufuatana na ukubwa wake. Asirashiwe mgongo tu kama mtu anayenyunyizia maua! Kupe wanajificha ndani ya masikio, chini ya mkia, kwapani, kati ya miguu na ku kiwele. Anza huko.

Juu ya kipimo: fuata karatasi ya dawa. Kuna watu wanapunguza dawa ili bwate ikae sana. Dawa ikiwa chapwa, kupe wazembe wanakufa, kupe wenye nguvu wanabakia na kuzaa, na mwaka unaofuata dawa ileile haifanyi kitu tena kwa mtu yeyote wa kijiji. Kubana dawa kwako ni kuharibu dawa ya wote. Na tunaomba: musinunue chupa isiyokuwa na karatasi, hata ikiwa bei nzuri. Vaa mpira mikononi, simama upande upepo unatokea, na usioshee pompi mtoni.

Chanjo ya ugonjwa huu iko pia. Ilitengenezwa Muguga, Kenya: ngombe anapewa kijidudu chenyewe pamoja na dawa ya kukizuia, na akiisha kupona mwili unajua adui. Lakini chanjo hii inatunzwa ndani ya baridi kali sana, ndani ya chombo cha hewa iliyogeuzwa maji, na inahitaji veterineri aliyejifunza. Si kitu cha kubeba mfukoni ku pikipiki.

Sasa ndama mwenyewe. Akizaliwa, safisha pua na mdomo, weka ayodini ku kitovu, kiisha anyonye. Maziwa ya kwanza, yale mazito ya manjano, si uchafu na si ya kuuza. Ni kinga yake. Apate litre 2 au 3 ndani ya saa 6 za kwanza, juu baada ya siku moja tumbo lake haliwezi tena kupokea ile kinga. Kiisha tusiwe wachoyo. Mama zetu wanaouza maziwa hapa Bunia wanajua vile kila kikombe ni unga na sabuni. Lakini ndama aliyeachiwa chuchu moja kavu anabakia mwenye tumbo kubwa na shingo nyembamba, na kupe wa kwanza anamuangusha.

Chakula na maji. Ngombe anayetoa maziwa anahitaji maji mengi, litre 40 na zaidi kwa siku, wakati wa jua hata 60. Ukimnywesha mara moja jioni, usimlaumu kwa kikombe kimoja cha asubuhi. Kuanzia mwezi wa 12 mpaka wa 2 majani yanakauka, kwa hiyo matete yapandwe mvua ikianza, ku mipaka ya shamba na ku miteremko, fasi yanashika udongo pia. Majani ya viazi vitamu, maganda ya maharagi, mabua ya mahindi: hivyo vyote ni chakula, musivichome. Chumvi isikosekane.

Kukamua. Nawa mikono na sabuni, osha kiwele, pangusa kwa kitambaa safi. Maziwa ya kwanza ya kila chuchu yaangukie ndani ya kikombe cheusi uyatazame. Ukiona vipande vipande au maji maji, chuchu iko mgonjwa: ngombe huyo akamuliwe wa mwisho, na maziwa yake yasichanganywe. Bidoni ya plastiki ya manjano ni nyepesi lakini haisafishiki pembeni. Anayeweza atafute ya alumini. Ngombe akipigwa sindano, soma siku za kungoja kabla ya kuuza. Na kila maziwa yachemshwe. Ugonjwa wa kutupa mimba unapita ndani ya maziwa mabichi na unampa mtu homa isiyoisha, inayofanana na malaria. Ngombe akitupa mimba, usishike na mikono mitupu. Zika chini sana pamoja na chokaa, na uite veterineri.

Kumshika ngombe. Musimpige. Ngombe aliyepigwa anakumbuka, na siku ya sindano atakuvunja mguu. Mkaribie kwa upande wa bega, ukiongea, asikukute ghafula nyuma yake fasi haoni. Jengeni njia nyembamba ya miti migumu, upana wa ngombe mmoja, yenye kufungwa mbele na nyuma. Siku mbili za kazi ya mikono zinatosha, na kupulizia, kuchanja na kupima mimba vinakuwa kazi ya watu wawili, si ya kijiji kizima chenye fimbo.

Kwa ngombe wa nyama: uza dume akiwa amenona mwisho wa mvua, si mwisho wa jua akiwa mifupa. Jike asiyeshika mimba miaka 2 auzwe, anakula majani ya wengine. Lakini mnyama aliyekufa ghafula, na damu nyeusi inatoka puani au nyuma, asipasuliwe, asiliwe, asiuzwe. Hiyo inaweza kuwa sharbon, yaani kimeta, na inaua watu. Tunajua njaa iko. Tunajua pia vile kilio cha jamaa nzima kinavyofanana.

Jambo la mwisho kwa wanachama ni shamba la jirani. Munajua vile ngombe mmoja ndani ya maharagi ya mtu alivyoweza kuwasha maneno ambayo hakuna aliyeweza kuzima. Kwa hiyo mchungaji awe mtu mzima, si mtoto wa miaka 8. Njia ya kwenda maji ipangwe pamoja na wakulima, wa kabila yoyote, kabla ya ngombe kufika. Na shamba likiharibika, tunaenda siku ileile na wazee wa pande mbili, tunapima, tunalipa ndani ya juma. Mavi ya ngombe tunampa mkulima, mabua ya mahindi anatupa. Ufugaji usiokuwa na amani na shamba hautafika mwaka wa tatu.

Sasa kwa ninyi wafadhili wetu. Tunawashukuru kwa mitamba. Mungu awazidishie. Lakini tunasema wazi, kama mtu anavyosema na ndugu yake: awamu inayokuja, musitutumie mitamba kwanza. Tutumieni pompi, dawa yenye karatasi, termometre, na mshahara wa veterineri mmoja anayeweza kufika vijijini wakati njia iko salama. Mtamba anapendeza ku picha, pompi haipendezi. Lakini mtamba bila pompi ni nyama ya miezi michache, na jamaa inayongoja inabakia inangoja.

Kwa wanachama: juma hili kila kikundi kichague mtu wa pompi, kianze ile njia ya miti, na kiandike ndani ya kaye tarehe ya kila ndama aliyezaliwa na jina la jamaa inayomngoja. Tutapita kuangalia kaye hizo kabla ya mkutano unaofuata.