Uganda: Anwani Iliyowatambulisha Wenye Simu

Mnamo tarehe 3 Desemba, 2021, shirika la habari la Reuters lilitangaza kwamba simu za maofisa wasiopungua tisa wa Wizara ya Mambo ya Nje ya Marekani zilikuwa zimevamiwa kwa programu ya kijasusi iitwayo Pegasus, iliyotengenezwa na kampuni ya NSO ya Israeli. Maofisa hao ama walikuwa wakifanya kazi nchini Uganda, ama walikuwa wakishughulikia mambo yanayoihusu nchi hiyo. Reuters haikuweza kumtaja aliyefanya uvamizi huo. Mwezi mmoja kabla ya habari hiyo, serikali ya Marekani ilikuwa imekwisha kuiweka NSO katika orodha ya makampuni yaliyowekewa vikwazo vya biashara.

Habari hiyo ilizungumzwa sana kwa upande wa siasa na ubalozi. Lakini kwa askari wa jeshi na polisi wa nchi jirani, limo ndani yake jambo moja dogo ambalo halikupewa uzito unaostahili. Maofisa wale walitambulika kwa urahisi kuwa ni watumishi wa serikali ya Marekani kwa sababu wenyewe walikuwa wamezisajili akaunti za simu zao kwa anwani za barua pepe za kazini, zile zinazoishia na jina la wizara yao. Hapakuhitajika mpelelezi wa kuwafuata mitaani.

Tena NSO ilikuwa ikisema kwamba programu yake imezuiliwa isifanye kazi katika simu zenye namba za Marekani, yaani zinazoanza na 1. Maofisa wale walikuwa wakitumia namba za nchi nyingine. Basi namba iliwaficha Umarekani wao mahali ambapo ungeweza kuwakinga, na anwani ikautangaza mahali ambapo ingefaa ufichike.

Ndugu msikilizaji, ni haki kuongeza hapa kwamba anwani nyingine isingeizuia Pegasus. Programu ya namna hiyo huingia ndani ya simu bila mwenyewe kubonyeza chochote, na ikisha kuingia husoma barua kama anavyozisoma mwenye simu. Neno la siri, hata likiwa gumu namna gani, halina kazi hapo. Anayeweza kununua silaha hiyo si kibaka wa sokoni. Hata hivyo, kabla ya kupiga shabaha sharti mtu ajue shabaha iko wapi, na anwani ya kazi husaidia kuionyesha.

Simu janja ikiwashwa kwa mara ya kwanza huuliza maswali mengi, na mtu mwenye haraka huyajibu kama anavyojibu salamu. Huuliza lugha, huuliza mtandao, kisha huomba akaunti: ya Apple au ya Google, kwa kutegemea simu yenyewe. Akaunti hiyo ndiyo inayobeba orodha ya programu alizochukua mwenye simu, nakala za picha zake, na uwezo wa kuitafuta simu ikipotea. Askari anayeandika hapo anwani aliyopewa na jeshi lake ameivalisha simu yake sare, na sare hiyo haivuliwi jioni. Kwa simu yake mwenyewe, anwani yake binafsi, isiyotaja cheo wala kikosi, inamtosha.

Hatua ya pili ni ya kuongeza akaunti ya barua pepe ya kazi, ikiwa wakubwa wake wameiruhusu iwe katika simu ya mtu binafsi. Kama hawakuiruhusu, basi mazungumzo yanaishia hapo. Kama wameiruhusu, simu huomba anwani na neno la siri, na mara nyingine majina ya seva ya kupokelea na ya kupelekea barua, ambayo mtaalamu wa ofisi ndiye mwenye kuyatoa. Kisha, kwa kimya, simu huuliza ni vitu gani viende pamoja na barua: orodha ya majina na namba za watu, kalenda, maandishi mafupi. Wengi huviacha vyote vikiwa vimewashwa. Matokeo yake ni kwamba namba ya shangazi huenda ikahifadhiwa katika seva ya makao makuu, na ratiba ya zamu ikakaa katika simu anayochezea mtoto nyumbani. Aidha, kwa akaunti za kazi za aina fulani, ofisi hupata uwezo wa kuifuta simu nzima kutoka mbali. Huo ni ulinzi mzuri simu inapoibwa, bali askari afahamu jambo hilo kabla hajakubali, si siku atakapoziona picha za harusi yake zimetoweka.

Kuhusu neno la siri, yatosha kusema kwamba lisitumike mahali pawili, na kwamba uthibitisho wa hatua mbili uwashwe. Namba ya simu ya kurejeshea akaunti yataka uangalifu zaidi. Laini isiyotumika kwa muda mrefu hufungwa na kampuni ya simu, na namba yake huweza kuuzwa kwa mtu mwingine. Askari aliyehamishwa na kubadilisha laini bila kubadilisha namba hiyo katika akaunti yake, amemwachia mgeni ufunguo wa kasha lake la barua.

Si kila hatari huja kwa jasusi. Simu yenye akaunti mbili huchagua moja kuwa ya kawaida, na barua mpya hutoka kwa hiyo isipokuwa mwandishi ameibadilisha. Kwa njia hiyo taarifa ya kazi hutoka kwa anwani ya nyumbani bila mwenyewe kujua, tena ikiandikwa kwa kidole gumba juu ya kioo kidogo. Mfano wake uko Afrika ya Magharibi. Mnamo Julai 2023, gazeti la Financial Times la Uingereza lilieleza kwamba barua nyingi zilizokusudiwa jeshi la Marekani, ambalo anwani zake huishia na herufi mil, zilikuwa zikienda Mali, ambako anwani huishia na ml. Herufi moja tu ilikuwa imesahauliwa. Johannes Zuurbier, Mholanzi aliyekuwa akisimamia anwani za Mali kwa mkataba, alikusanya barua za namna hiyo karibu 117,000 tangu Januari mwaka huo. Ndani yake mlikuwa na habari za matibabu, na hata mpango wa safari ya Jenerali James McConville, aliyekuwa mkuu wa jeshi la nchi kavu la Marekani, kwenda Indonesia.

Wizara ya Ulinzi ya Marekani ilijibu kwamba barua zitokazo katika anwani zake yenyewe kwenda Mali huzuiwa kabla hazijaondoka. Kizuizi hicho hakiwezi kuigusa barua iliyoandikwa na mtumishi kutoka katika akaunti yake binafsi. Mkataba wa Zuurbier ulikuwa ukimalizika mwezi huo huo wa Julai, na usimamizi wa anwani za ml ulikuwa ukirudi mikononi mwa serikali ya Mali.