Mtaimbo, Mteremko, na Behewa Lililotuponyoka

Haya ni maneno niliyoyasema mbele ya mkutano wa tawi letu. Bwana Katibu ameniomba niyaandike ili ndugu waliokuwa zamu siku ile wasiyakose.

Bwana Mwenyekiti, na ninyi ndugu zangu wafanyi kazi. Mimi si mwalimu. Nilisoma shule ya msingi ya misheni, na huko tulifundishwa kuhesabu, kuandika na kuimba, lakini habari za nguvu na mwendo hatukuzipata. Nimezipata kazini, kidogo kwa vitabu nilivyoazima kwa mafundi, na zaidi kwa kuumia mikono. Leo nataka kuwaonyesha hesabu moja tu. Hesabu hiyo ndiyo hutuwezesha kunyanyua behewa, na hiyo hiyo ndiyo ilimvunja mbavu mwenzetu mmoja.

Tuanze na mtaimbo, maana kila mtu hapa ameushika. Chukua mtaimbo wa futi 5, yaani inchi 60. Weka egemeo lake, kile kipande cha chuma au mti mnachokitia chini, inchi 3 kutoka ncha. Upande wako zimebaki inchi 57, na 57 ukigawa kwa 3 unapata 19. Basi ukikandamiza kwa nguvu ya kilo 50, ncha itanyanyua kilo 950, karibu tani nzima. Mtu atasema chuma kimempa nguvu za bure. Hapana, ndugu. Angalia mikono yako: imeshuka inchi 19 ili mzigo upande inchi 1. Ulichopata katika nguvu umekilipa katika mwendo, tena umekilipa chote.

Sasa sogeza egemeo kidogo tu, liwe inchi 6 kutoka ncha. Upande wako ni 54, gawa kwa 6, unapata 9. Kilo zako 50 zinanyanyua 450. Inchi tatu zimekula zaidi ya nusu ya nguvu yako, na nyapara aliye mbali anaona tu kwamba leo umekuwa mvivu. Na mtaimbo uliovunjika ukakatwa ukabaki futi 3? Hata ukiweka egemeo pale pale penye inchi 3, unapata 11 tu, yaani kilo 550. Kazi iliyofanywa na watu wawili wenye mitaimbo mizima sasa inataka watu wanne. Nimeona magenge yenye mitaimbo ya namna hiyo, na hakuna aliyewaongezea watu.

Tena, lile 19 hufanya kazi pande zote mbili. Behewa likishuka ghafula inchi moja, mpini wa mtaimbo unaruka juu inchi 19. Ndiyo sababu wazee wa genge husema simama kando ya mtaimbo, usiinamishe uso juu yake. Wako watu ambao meno yao yamejifunza jambo hili kabla ya vichwa vyao.

Jeki ya skurubu nayo ni mteremko uliozungushwa kwenye chuma. Mkono wako unazunguka njia ndefu sana, mzigo unapanda nusu inchi. Lakini hapa kuna mdai mwingine, naye ni msuguano. Katika jeki ya namna hii msuguano hula zaidi ya nusu ya nguvu unayotia. Msimtukane, maana ndiye anayeishika jeki isijizungushe kurudi chini mnapoacha mpini. Jeki ya mafuta haina mlinzi huyo. Inashikwa na mafuta na mpira wake tu, na mpira ukichoka mzigo unashuka. Kwa hiyo usiingie chini ya behewa lililosimama juu ya jeki mpaka mataruma yamepangwa chini yake, hata kama kazi ni ya dakika mbili.

Habari za roda sitazikawisha: hesabu kamba zinazobeba mzigo, nguvu inagawanyika kwazo, na kamba utakayovuta inaongezeka vile vile.

Nije kwenye mteremko, kwa sababu sisi watu wa reli tunaishi juu yake. Kutoka Mombasa, ambako ni usawa wa bahari, mpaka Nairobi ni kupanda zaidi ya mita 1,600. Wajenzi wa reli hii ya mita moja, walioanza mwaka 1896, hawakuweza kupanda kwa ngazi. Waliinunua nguvu kwa umbali, kama mtu wa mtaimbo. Nendeni Mazeras mkaone jinsi reli inavyojizungusha ikapita juu yake yenyewe, ili tu mwinuko usiwe mkali. Pale Bonde la Ufa, kabla ya reli kufika Kisumu mwaka 1901, hawakuwa bado na njia ndefu ya kuteremkia, wakayashusha mabehewa kwa kamba za chuma kwenye mteremko mkali. Njia ilikuwa fupi, na deni lote likawa juu ya kamba.

Mwinuko wa mita moja na nusu kwa kila mita 100 hauonekani kitu kwa mtu anayetembea. Lakini kila tani ya treni inavuta nyuma kwa kilo 15. Zile injini kubwa za Garratt, zilizoletwa mwaka 1955 na 1956, ziliweza kuvuta tani 1,200 kwenye mwinuko wa namna hiyo. Pigeni hesabu: tani 18 zinarudisha treni nyuma, mbali na uzito wa injini yenyewe, ambao ulikuwa tani 252. Moja yao, namba 5918, imewekwa Makumbusho ya Reli Nairobi. Mpelekeni mtoto aione.

Sasa nifike kwenye jambo lililonifanya niombe nafasi ya kusema.

Miaka kadhaa iliyopita, mahali ambapo sitapataja, tuliambiwa tusogeze behewa la mahindi kwa mikono. Pamoja na mzigo lilikuwa kama tani 30. Njia ile tuliiona sawa, kumbe ilikuwa na mteremko mdogo. Behewa la magurudumu mazuri, likishaanza kwenda, huhitaji kilo tatu au nne tu kwa kila tani ili liendelee. Maana yake mteremko wa mita moja kwa mita 300 watosha kulifanya lisisimame, na jicho la mtu haliuoni mteremko huo. Breki ya mkono ilikuwa mbovu, na kabari hatukupewa. Tulitia mitaimbo, likaanza kwenda. Mbele yake, mita tatu na nusu tu, lilisimama behewa jingine. Tukaamrishwa kwa sauti, “Lizuieni!” Tukaruka mbele watu wanne.

Halikuwa linakimbia. Lilikwenda mwendo wa mtu anayetembea polepole, mita moja kwa sekunde. Lakini kila kitu kiendacho kina akiba ya kazi ndani yake. Kwa mwendo huo akiba yake ni sawa na kama mmekinyanyua juu sentimita 5. (Mwendo ukiwa mara mbili, si sentimita 10, ni 20. Hapo wengi hukosea.) Basi tani 30 mara sentimita 5 ni 150. Hilo ndilo deni, na ni lazima lilipwe kwa nguvu mara umbali, kama pale kwenye mtaimbo.

Mtu aliyekanyaga kokoto akisukuma kwa nguvu ya kilo 40 amefanya vizuri. Wanne ni kilo 160. Gawa 150 kwa sehemu hiyo ya tani, utaona kwamba tulihitaji zaidi ya mita 9 kulisimamisha. Tulikuwa nazo tatu na nusu. Katika hizo tulilipa 56, zikabaki 94. Watatu wetu waliponyoka kando, mmoja akabanwa kati ya mabehewa. Mwili wa mtu hauna mita sita za kulipia, una sentimita 15 tu. Gawa 94 kwa 15: ni zaidi ya tani 6 juu ya kifua chake.

Aliishi, lakini hakurudi kazini. Na maneno yaliyoandikwa katika taarifa yalikuwa kwamba watu wanne walitosha, na kwamba ajali ilitokana na uzembe wa mfanyi kazi mwenyewe. Malipo yake yalipunguzwa kwa sentensi ile. Hatukujua la kujibu. Tulisema tu, “Bwana, lilikuwa zito,” na hiyo si hoja. Laiti mmoja wetu angaliweza siku ile kuandika 30 mara 5, na kuonyesha kwamba ili kulizuia katika nafasi ile walitakiwa watu 11 wa nguvu kamili, ambao hata hawaenei upana wa behewa!

Kabari moja ya mti chini ya gurudumu, kabla behewa halijaanza kwenda, haina deni lolote la kulipa, kwa kuwa mwendo bado haupo.

Baada ya mazungumzo ndugu mmoja wa karakana aliuliza kama hesabu hii itakubaliwa na wakubwa. Nilimjibu kwamba mainjinia wao hutumia hii hii kupanga breki za treni, kwa hiyo kuikataa itawawia vigumu. Kamati imekubali kuipeleka pamoja na madai ya kabari na breki za mkono. Kwa madai ya mitaimbo twahitaji vipimo. Kila genge lipime mitaimbo yake yote, na mifupi pia, liandike urefu kwa inchi pamoja na idadi ya watu wa genge, na karatasi zimfikie Bwana Katibu kabla ya mkutano ujao.