Kilomita za Angani na Saa za Safari



Tungependa kuzungumza nanyi juu ya kosa linaloonekana dogo, lakini linaloweza kumpotezea abiria nauli yote: kudhani kwamba muda wa kuruka ndio muda wa safari.

Tutazame safari ya Dar es Salaam hadi Mwanza. Umbali wa angani baina ya viwanja hivyo viwili ni takriban kilomita 850, ilhali kwa barabara ni zaidi ya kilomita 1,100. Ndege ya jeti hutumia kama saa moja na nusu. Ya pangaboi huchukua muda zaidi. Basi kabla ya kulipa, ulizeni aina ya ndege, na kama itatua kwingine njiani.

Hata hivyo, muda huo huhesabiwa tangu ndege iondoke kwenye maegesho hadi isimame kwenye maegesho ya uwanja iendako. Foleni ya ukaguzi haimo, wala kusubiri mizigo. Anayetumia saa moja kufika uwanjani, akaripoti saa mbili kabla, kisha akangoja begi lake nusu saa, safari yake ni ya saa tano.

Hasara kubwa zaidi humpata anayeunganisha ndege. Tuseme abiria anatoka Mwanza kwenda Dubai kupitia Dar es Salaam. Akiwa na tiketi moja ya safari nzima, kwa kawaida shirika humtafutia ndege nyingine iwapo ya kwanza itachelewa. Akiwa na tiketi mbili zilizonunuliwa mbalimbali, shirika la pili huweza kumhesabu kuwa hakutokea, na nauli ikapotea. Mwenye tiketi mbili na ajiachie nafasi ya saa nyingi, au asafiri siku moja kabla.

Kutoka Dar es Salaam hadi Dubai ni takriban kilomita 4,000, mwendo wa kama saa tano na nusu. Lakini tiketi huonyesha saa za mahali. Kwa kuwa Dubai imetangulia kwa saa moja, ndege inayoondoka 16:00 itafika 22:30 ya huko.

Mwisho, someni saa za tiketi kwa uangalifu. 01:00 ni saa saba usiku, si saa moja. Saa moja asubuhi huandikwa 07:00. Ndege ya tarehe 15, 00:30, huondoka usiku wa kuamkia tarehe 15. Abiria wake hana budi kuwa uwanjani tangu usiku wa tarehe 14. Atakayefika usiku wa tarehe 15 atakuta ndege imekwisha kuondoka.

Tunawasihi: hesabuni safari tangu mlangoni kwenu hadi mlango mwendako, na penye shaka ulizeni kabla ya kulipa.