Shamba na Kura: Ardhi na Madaraka Pwani ya Kusini, 1895–1963



Hoja yangu ni hii: katika makoloni ya mashamba makubwa, sauti ya kujitawala ilifuata hatimiliki. Virginia ilifanya baraza lake la kwanza la wawakilishi Jamestown, Julai 1619. Mwezi uliofuata Waafrika wa kwanza wakashushwa katika koloni hilo kufanya kazi. Ilipofika 1670, kura ilikuwa ya wenye ardhi na nyumba tu. Tumbaku ililimwa na wengine, sheria zikatungwa na wenye mashamba.

Kwetu, pwani ya kusini ya Kenya, mambo yalikwenda kwa njia yake. Gazi ilikuwa makao ya Sheikh Mbaruk bin Rashid al-Mazrui. Mwaka 1895 Waingereza waliingilia urithi wa uongozi wa Takaungu, vita vikazuka, naye mwaka uliofuata akavuka mpaka kwenda kwa Wajerumani. Mashamba ya pwani yalikuwa yamesimama juu ya kazi ya watumwa. Utumwa ulipopoteza hadhi yake kisheria mwaka 1907, fidia iliwekwa kwa mabwana. Waliokuwa watumwa hawakutengewa ardhi. Wengi walibaki kulima palepale, wakiitwa maskwota kwenye udongo waliousafisha wenyewe.

Mwaka huohuo, mwezi wa Agosti, Baraza la Kutunga Sheria lilikaa kwa mara ya kwanza. Mwaka 1908 ikaja Sheria ya Hati za Ardhi, iliyomtaka kila mwenye madai pwani ayapeleke kwa msajili. Ardhi isiyodaiwa ilihesabiwa ya serikali. Hapa ndipo penye kiini cha mada yangu. Mdigo wa Diani au Msambweni alijua mpaka wake kwa minazi aliyopanda babu yake, kwa makaburi, na kwa neno la wazee wa ngambi, yaani baraza lao. Sheria ilitaka dai la mtu mmoja, lenye ramani na ushahidi unaokubalika ofisini. Wenye uzoefu wa kadhi, mawakili na karatasi walisajili. Kampuni ya East African Estates nayo ilipata eneo kubwa upande wa Gazi, na sehemu kubwa ya eneo hilo haikuwahi kulimwa. Naliona jambo hili zito kuliko yote: watu waliambiwa hawana ardhi, ilhali ardhi yenyewe ilikaa bure.

Madaraka nayo yaligawanywa vivyo hivyo. Kuanzia 1920 walowezi wa Kizungu walichagua wajumbe 11 wa Baraza la Kutunga Sheria. Wahindi na Waarabu wakapata viti vichache baadaye. Mwafrika alisemewa na mmisionari hadi Eliud Mathu alipoteuliwa mwaka 1944. Wadigo, kama wenyeji wengine, waliwekewa Baraza la Wenyeji chini ya sheria ya 1924, likiongozwa na mkuu wa wilaya. Liliweza kujadili barabara na shule. Kuhusu shamba la kampuni halikuwa na la kuamua. Uchaguzi wa Waafrika ulifika 1957, Ronald Ngala akaingia kwa niaba ya Pwani.

Tarehe 8 Oktoba 1963 Jomo Kenyatta wa Kenya na Mohammed Shamte wa Zanzibar walikubaliana mwambao uungane na Kenya. Makubaliano hayo yalilinda pia hati za ardhi zilizokwisha kutolewa. Uhuru ukaja, na hati za enzi ile zikaja nao.

Ramisi, huko Kwale, ni ushahidi ulio hai. Kiwanda cha sukari kilifungwa 1988, watu wakalima chakula kwenye mashamba ya miwa. Ardhi ilipokodishwa tena kwa mwekezaji mwaka 2007, migogoro ikarudi. Safari hii tunayo Katiba ya 2010, Tume ya Taifa ya Ardhi yenye jukumu la kuchunguza dhuluma za kihistoria, na bunge la kaunti tunalolichagua wenyewe.

Naliomba bunge hilo lidai orodha ya mikataba yote ya mashamba makubwa ya Kwale, lioneshe mwaka ambao kila mkataba unakwisha, kisha orodha isomwe hadharani katika baraza la kila wadi, kuanzia Ramisi na Gazi, wazee wakiwa hai kutoa ushahidi wao.