Mjue Nondo wa Nyanya Kabla ya Kupiga Dawa

(Mazungumzo ya afisa wa mawasiliano wa kaunti kwa wakulima wa nyanya, kwenye baraza la wadi)



Mimi si mtaalamu wa wadudu. Kazi yangu ni habari. Lakini miaka michache iliyopita mama alinipigia simu akasema nyanya zake zimechomwa na baridi. Nikamtumia pesa za dawa ya ukungu. Alipiga mara tatu, na bado shamba likakauka. Mavuno ya kulipia mdogo wangu karo yakaishia shimoni. Afisa wa kilimo alipofika, aliinua jani moja kuelekea jua, akatuonyesha kiwavi akila ndani. Haukuwa ukungu. Alikuwa Tuta.

Tuta absoluta asili yake ni Amerika Kusini. Alionekana hapa Kenya mwaka wa 2014. Ni nondo mdogo kama punje ya mchele, rangi ya kijivu yenye madoa meusi. Mchana hujificha kati ya majani na usiku huruka, ndiyo maana wengi wetu hatujawahi kumwona.

Jike hutaga hadi mayai 260. Baada ya siku 4 hadi 6, viwavi huanguliwa na kuingia ndani ya jani, katikati ya ngozi ya juu na ya chini. Huko dawa nyingi hazimfikii. Akishiba, hushuka udongoni, na baadaye hutoka akiwa nondo. Tangu yai hadi nondo ni wiki 3 hadi 5, kulingana na joto.

Utamtambuaje? Inua jani kwenye mwanga. Ukiona baka pana linaloangaza, lenye kinyesi cheusi na pengine kiwavi ndani, huyo ni Tuta. Vijia vyembamba vilivyopindapinda ni vya funza wa nzi mchimba majani. Baka la kahawia lisilo na kinyesi wala kiwavi huenda likawa ukungu. Kagua pia matunda, hasa karibu na kikonyo, uone vitundu vidogo.

Ukimpata, chuma majani na matunda yaliyoshambuliwa, uyatie kwenye ndoo yenye mfuniko, kisha uyazike kwa kina. Usiyatupe kando ya shamba. Weka mitego ya harufu inayonasa madume, ujue mapema kama wameingia. Msimu ujao panda sukuma wiki. Viazi, biringanya na hata managu humlisha huyu huyu. Na usirudie dawa ya aina moja kila mara, kwa sababu huizoea.

Kabla ya kununua dawa, mpelekee afisa wa kilimo wa wadi jani moja lenye dalili. Mimi na mama tulianza na dawa, tukamwita baadaye. Ninyi anzeni na jani.