Serengeti: Februari au Agosti?

Julai ikikaribia, swali huwa lilelile: nyumbu wamefika Mto Mara? Wageni wengi hupanga safari ya Serengeti kati ya Julai na Oktoba ili wawaone wakijitosa majini, mamba wakiwasubiri. Ni tamasha kweli. Ila nyumbu hawana ratiba. Kundi laweza kusimama ukingoni saa nzima, likageuka na kurudi malishoni, na magari yaliyojipanga Kogatende tangu asubuhi yakabaki kutazamana.

Februari haivumi hivyo, na hapo ndipo wengi wanapopunjika.

Wakati huo nyumbu, ambao idadi yao hupita milioni moja, wako kusini, kwenye nyanda za majani mafupi kuelekea Ndutu. Majani hayo huota juu ya majivu ya kale ya volkano, yenye madini anayoyahitaji mama anayenyonyesha. Ndani ya majuma machache ndama huzaliwa kwa maelfu kila siku. Ndama hudondoka chini, hutetemeka, hupepesuka mara mbili tatu, na baada ya dakika chache tu anakimbia ubavuni mwa mamaye. Fisi na duma nao wanaijua kalenda hiyo.

Aprili na Mei ni masika: bei za malazi hushuka, baadhi ya kambi hufungwa, na udongo mweusi hunasa hata Land Cruiser. Mwenye mfuko mwembamba na subira anaweza kujaribu, mradi dereva awe amepakia koleo.