Mzigo wa elimu na wapagazi wake

(Maneno ya mazungumzo kwa walimu na watumishi wa umma, mjini Tabora)



Mmenitaka nizungumze juu ya huduma za kompyuta katika vyuo vikuu vyetu, ufundishaji kwa njia ya mtandao, na usalama wa mitandao hiyo. Mimi si fundi wa mitambo. Kazi yangu ni uandishi wa habari. Hata hivyo nimekubali kwa moyo mkunjufu, kwa sababu naamini kwamba jambo hili laweza kuelezwa hapa Tabora vizuri zaidi kuliko katika miji mingi. Watu wa mji huu waliyajua matatizo ya njia ndefu, mizigo ya thamani na walinzi wake, muda mrefu kabla ya kompyuta kuwapo duniani.

Katika karne ya 19 misafara iliyotoka Bagamoyo kwenda Ujiji ilipita hapa Unyanyembe. Hapa ndipo njia zilipogawanyika: moja ikaelekea magharibi hadi Ziwa Tanganyika, nyingine ikapanda kaskazini hadi Karagwe na Buganda. Nguo, shanga na nyaya zilikwenda bara. Pembe za ndovu zilishuka pwani. Na, tusifiche ukweli, watumwa nao walipitishwa katika njia hiyo wakiwa wamefungwa. Lakini wengi wa wapagazi walikuwa Wanyamwezi, watu huru waliofanya kazi kwa mapatano ya ujira na posho. Neno hilo posho, ambalo sisi watumishi wa leo twalijua mno, lilikuwa neno la kila siku katika misafara hiyo.

Naomba niwakumbushe matukio mawili ya njia hiyo, kwa maana ndiyo msingi wa mazungumzo yangu.

La kwanza ni la mwaka 1871. Livingstone alifika Ujiji amechoka na mgonjwa, akitumaini kuikuta shehena aliyopelekewa kutoka Unguja. Hakukuta kitu. Shehena ile haikuporwa na rugaruga porini. Iliuzwa na mtu yule yule aliyekabidhiwa kuitunza.

La pili ni la mwaka 1873. Livingstone alifariki kwa Chitambo, katika nchi inayoitwa leo Zambia. Susi, Chuma na wenzao wakaamua kuuchukua mwili wake, vitabu vyake vya kumbukumbu na vyombo vyake hadi pwani. Kijana mmoja msomi miongoni mwao, Jacob Wainwright, akaviandikia orodha vitu vya marehemu. Walipofika hapa Tabora mwezi Oktoba, Mwingereza Cameron aliwashauri wamzike papa hapa. Wakakataa, wakaendelea na safari, na mwezi Februari 1874 wakaingia Bagamoyo na amana yao. Walikuwa wametembea zaidi ya kilomita 1,500.

Njia zilikuwa na hatari zile zile, na wakati ulikuwa ule ule. Shehena moja ilipotea na nyingine ikafika kwa sababu ya watu waliokabidhiwa. Ndugu zangu, hilo ndilo ninalotaka kulisema leo juu ya vyuo vyetu: mtandao wa chuo hulindwa na watu kwanza, kisha na mitambo, nasi tumekuwa hodari wa kununua mitambo kuliko kuwatunza watu.

Tutazame hali ilivyo. Chuo Kikuu Huria cha Tanzania kilianzishwa kwa Sheria ya mwaka 1992, kikaanza kupokea wanafunzi mwaka 1994, nacho kina kituo chake katika mkoa huu. Hapo mwanzo masomo yalikwenda kwa wanafunzi katika vitabu na karatasi zilizopigwa chapa. Leo sehemu kubwa hupitia katika programu ya Moodle, ambayo ilianza kutolewa mwaka 2002 na haitozwi ada ya leseni. Mwalimu wa shule ya msingi huko Urambo au Sikonge aweza kusomea shahada bila kuliacha darasa lake wala watoto wake. Vile vile tunacho hapa mjini Chuo Kikuu Kishiriki cha Askofu Mkuu Mihayo, kinachowafunza walimu. Na ilipotokea mwezi Machi 2020 vyuo vikafungwa kwa sababu ya korona, hadi tarehe 1 Juni, ndipo wengi walipotambua kwamba mtandao wa masomo si pambo la chuo.

Ni nani wanaoubeba mzigo huo? Ni watumishi wachache katika ofisi ya kompyuta. Wao ndio wanaofungua akaunti za wanafunzi, wanaoziba nyufa za programu kila zinapogunduliwa, wanaoweka nakala za kumbukumbu, na wanaomwelekeza mhadhiri asiyejua jinsi ya kuweka somo lake. Kazi yao ina msiba mmoja: ikifanywa vizuri haionekani. Hakuna atakayesimama mkutanoni kuwashukuru kwa sababu matokeo ya mtihani hayakuvurugwa. Lakini siku yatakapovurugwa, wao ndio wa kwanza kuitwa.

Nilipata kukaa kwa siku kadhaa katika ofisi ya idara ya chuo kimoja, ambacho sina haja ya kukitaja. Ubavuni mwa kabati palibandikwa kipande cha karatasi chenye neno la siri la kuingilia katika daftari la alama. Watu wanne walilitumia, na wageni waliokuja kuulizia mambo yao waliweza kulisoma. Siku moja alama ya mwanafunzi ikaonekana imebadilika. Kompyuta ilieleza saa na dakika jambo hilo lilipofanyika. Lakini ni nani aliyelifanya haikuweza kueleza, kwa kuwa wote wanne walikuwa na jina moja. Aliyepewa karipio ni kijana wa kompyuta, ambaye alikuwa amekwisha kuandika mara mbili kuomba kila mtu awe na akaunti yake. Nilitoka pale nikiwaza juu ya Ujiji. Adui hakuvunja mlango. Tulimwachia ufunguo ukutani.

Na anayeumia ni nani? Si chuo tu. Alama ikiweza kubadilishwa, cheti cha yule mwalimu wa Sikonge, aliyesoma usiku kwa taa ya sola kwa miaka minne au mitano, kitatiliwa shaka sawa na cha mdanganyifu. Usalama wa mtandao, kwa hiyo, ni ulinzi wa jasho la mwanafunzi mnyonge. Sheria nazo zimeliona jambo hili: Sheria ya Makosa ya Mtandao ya mwaka 2015 humwadhibu anayeingia katika mfumo bila ruhusa, na Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022 huzitaka taasisi zitunze habari za watu zilizo mikononi mwao. Lakini sheria humfuata mwizi baada ya wizi. Kuzuia wizi ni kazi yetu.

Yatupasa kufanya nini? Nitataja mambo manne.

Kwanza, kila mtu awe na akaunti yake na neno lake la siri, asimpe karani wake wala rafiki yake wala mkubwa wake. Na pale penye alama na fedha, neno la siri peke yake lisitoshe: mfumo udai pia namba ya muda inayofika katika simu ya mwenyewe. Mwizi aliyeliiba neno atakwama mlangoni.

Pili, chuo kijengwe kama tembe. Mnaijua tembe ya Kwihara. Mgeni hukaribishwa barazani, lakini hakupewa njia ya kupita kutoka barazani hadi ghalani. Mtandao ambao wanafunzi huutumia kwa simu zao usiwe chumba kimoja na mtandao wa ofisi ya mitihani. Simu moja yenye virusi vya kompyuta isiweze kulifikia daftari la alama.

Tatu, tufuate mfano wa Jacob Wainwright: pawe na orodha ya kila kilichomo, na pawe na nakala. Nakala moja ikae chuoni, nyingine ikae mbali, na mara kwa mara ijaribiwe kama yafunguka. Pamoja na hayo, chuo kisitegemee njia moja tu. Mwaka 1871 Mirambo alipoifunga barabara ya kwenda Ujiji, Stanley alilazimika kuzunguka kusini. Tarehe 12 Mei 2024 mikongo miwili ya baharini, EASSy na Seacom, ilipata hitilafu, na intaneti ikazorota katika nchi yetu na kwa majirani. Chuo ambacho masomo yake yamehifadhiwa katika seva iliyopo chuoni chaweza kuendelea kuwasomesha waliomo ndani hata siku ya namna hiyo.

Nne, tumpunguzie mwanafunzi hongo. Leo neno hili ni la aibu, lakini zamani hongo ilikuwa ushuru ambao msafara ulimlipa mtemi ili upite katika nchi yake. Mwanafunzi wa kijijini hulipa ushuru wa namna hiyo kila anapofungua somo, maana hununua kifurushi cha simu. Mhadhiri anayeweka picha ya video ya saa nzima, ambayo yaweza kula megabaiti mia kadhaa, na kumbe maneno yale yale yangaliweza kuandikwa katika kurasa 10 nyepesi, amemtoza mwanafunzi wake bila kukusudia. Maandishi yatangulie, sauti ifuate, na video iwe pale inapohitajika kweli.

Najua wapo watakaosema kwamba masharti haya yatawasumbua wahadhiri, na kwamba fedha hazitoshi. Usumbufu upo, sikatai. Lakini kuhusu fedha, historia yetu inalo funzo. Mwaka 1974 Serikali ilipiga marufuku uingizaji wa kompyuta nchini, baada ya jaribio la kuweka hesabu zake katika kompyuta kuleta hasara na vurugu. Mashine zilikuwa zimekuja kabla ya wataalamu wetu. Marufuku ile imekwisha kitambo, lakini kosa lenyewe bado tunalirudia kila tunapozindua chumba cha kompyuta kwa sherehe, kisha tukakosa fungu la mshahara wa mtu wa kukitunza.

Wanyamwezi wa misafara ile hawakuwa wajinga. Mpagazi aliyenyimwa ujira na posho alitua mzigo, akaondoka usiku. Fundi wa kompyuta wa leo hufanya vivyo hivyo, tena hana haja ya kungoja usiku: huandika barua ya kuacha kazi, akaenda kwa anayemlipa. Tukitaka abaki, tumpe cheo chenye heshima, mafunzo ya mara kwa mara, na kiti katika vikao vinavyoamua mambo ya taaluma.

Ndugu zangu, mtakaporudi katika ofisi zenu, naomba kila mmoja ajiulize maswali matatu. Ni nani, zaidi yangu mimi, anayelijua neno langu la siri? Kumbukumbu za wanafunzi wangu zikiungua leo, nakala yake iko wapi? Na yule anayezitunza, namjua jina lake? Atakayeshindwa kuyajibu asingoje waraka kutoka juu. Aanze kesho asubuhi kwa kukibandua kile kipande cha karatasi kabatini.